Mfupishie Safari

Maalimu Khalidi bin Mujibu alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Mkunya, na iliyobaki akaiweka akiba kwa ajili ya wageni. Aliwadharau vijana walioswali huku simu zikilialia mifukoni. Aliwadharau wanunuzi wa korosho, waliopanda Newala msimu ukiwadia wakizungumza kana kwamba wao ndio waliouumba mkorosho. Hata maimamu wenzake hawakusalimika, kwani kila alipowasikia wakisoma alikunja uso kama aliyetafuna mchanga ndani ya wali. Miaka arobaini na mmoja alifundisha chuo cha Kurani, na katika miaka hiyo yote hakuna kosa la ulimi lililopita mbele yake likaenda zake salama. Kosa kwake lilikuwa kama mbwa msikitini: halijadiliwi, hufukuzwa.

Sasa kosa lilikuwa limehamia nyumbani kwake, limeketi mkekani, nalo limevaa kanga za mkewe.

Mkewe, Bi Siti, alikuwa mwalimu wa wasichana katika chuo hicho hicho. Alianza kusahau chumvi, kila mtu akacheka, kwa maana nani hasahau chumvi? Kisha akasahau kuwa amekwisha kuswali, akarudia adhuhuri mara tatu. Kisha wajukuu wakampotea jina baada ya jina. Daktari wa Masasi akasema kuwa ni maradhi ya ubongo, tena hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Mwisho Bi Siti mwenyewe aliondoka katika miaka hii tuliyonayo, akarejea kuishi katika miaka ya usichana wake, ambapo uwanda wote huu wa juu haukuwa na bomba wala tangi, na mwanamke aliyetaka kupika alishuka ukingo mpaka bondeni alfajiri, akapanda na ndoo kichwani jua likimchoma kisogo.

Basi kila asubuhi, baada ya swala, Bi Siti aliumwaga uani mtungi mzima wa maji, akachukua ndoo yake ya bati na kushika njia ya ukingoni. Maalimu humfuata akimwita, "Siti, kosa! Maji yamo ndani! Umeyamwaga mwenyewe!" Naye hugeuka akamtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya kigeni, kisha huendelea. Wakati wa masika aliteleza kwenye mteremko, akaumia goti, akarudishwa mgongoni mwa mpita njia.

Habari za goti zilifika Masasi kwa mwanawe Faruku, mwenye duka kule Mkomaindo. Faruku akapiga simu. "Baba, Jumamosi nakuja kumchukua. Nyuma ya duka nina chumba, na geti ni la chuma. Kuna vidonge vya kumtuliza, nimepewa na rafiki yangu. Atalala."

"Atalala mpaka lini?"

"Baba, unataka afie korongoni?"

Maalimu alisema kuwa mkewe hafungwi kama mbuzi wa Idi. Walivutana hadi Faruku alipotoa sharti. "Haya. Nikija Jumamosi akinitambua, tena akiweza kukaa kutwa bila kutoroka, namwacha. Asipoweza, naondoka naye, na wewe usiseme neno."

Maalimu akalikubali sharti, wala hakulikubali kwa busara. Alilikubali kwa sababu liliitwa mtihani, na hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kumwaibisha katika mtihani.

Siku nne zilikuwa zimebaki. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Shehe Suleimani, mtu wa makombe na hirizi, mwenye ndevu ndefu kuliko elimu yake. Aliketi, akafumba macho, akanusa hewa.

"Ana jini wa maji, Maalimu. Ndio maana anafuata maji. Nimwandikie kombe la zafarani, anywe siku saba."

"Jini huyo amemwingia kabla ya bomba au baada ya bomba?"

"Vipi?"

"Nauliza. Zamani wanawake wote wa uwanda huu walishuka bondeni kila siku. Wote walikuwa na majini, au jini alikuwa mmoja akawapanda kwa zamu?"

Suleimani akafumbua macho. "Maalimu, elimu hizi zina wenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nashangaa kukuona umezibeba wewe. Mlango ndio huo, na zafarani yako kapikie pilau."

Wa pili alikuja siku hiyo hiyo jioni. Alikuwa Josephina, ambaye watu humwita Mama Kelvin, mhudumu wa afya wa kijiji: mwanamke mfupi, mwenye mkoba wa kitambaa na viatu vya mpira, Mkristo, tena mcheshi. Katika macho ya Maalimu hizo zote zilikuwa aibu.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba," alijibu, kwa sauti ya mtu anayemrushia kuku punje.

Josephina hakuijali sauti ile. Alikaa mkekani karibu na Bi Siti, akamsalimu kwa Kimakonde, akamwuliza kama maji yamepatikana leo. Uso wa Bi Siti ukafunguka. Wakazungumza juu ya foleni ya bondeni, na wasichana wavivu, na ndoo zinazovuja, mpaka mwanamke aliyekuwa kimya tangu asubuhi akacheka kwa sauti. Maalimu akaumia kama aliyeibiwa.

Walipotoka uani akamwambia, "Mama Kelvin, umekaa nusu saa ukimwitikia uongo. Hakuna foleni. Bonde hilo halina mtu."

"Mimi nimemwuliza tu, Maalimu. Amenijibu mwenyewe, na amefurahi. Wewe ukimwambia 'kosa' anapata nini?"

"Anapata ukweli."

"Akishaupata anauweka wapi? Kesho hana." Josephina akatundika mkoba begani. "Sikiliza, Maalimu. Huyu mtu usimpime wala usibishane naye. Mambo yake yaende kwa mpangilio ule ule kila siku. Mpe kazi ambayo mikono yake inaijua, apepete, asuke ukili, afagie. Akianza kusoma au kuimba, imba naye. Na hiyo safari yake ya maji, usimkatalie safari. Mfupishie."

"Nimfupishie vipi?"

"Pale njia ya zamani inapoanza, mwisho wa mikorosho, si kuna tangi la kijiji lenye bomba? Mteremko bado. Nenda naye mpaka pale, ateke, arudi. Akishateka, roho yake inatulia, utaona."

"Nani aende naye?"

"Wewe."

"Mimi? Maalimu wa chuo, nifuatane na ndoo?"

"Kwani miguu yako imewekwa wakfu?"

Maalimu alimwambia kwamba mke wake alihifadhi juzuu kumi kabla Josephina hajazaliwa, na kwamba kichwa kilichobeba kiasi hicho hakihitaji kuchezewa michezo ya watoto, kinahitaji kurudishwa darasani. Akasema jambo hilo atalisimamia mwenyewe. Samaki hukunjwa!

"Hukunjwa angali mbichi, Maalimu," akasema Josephina akishuka barazani. "Huyu amekwisha kukauka. Ukimkunja atakuvunjikia mkononi."

Maalimu akamtazama hadi alipopotea nyuma ya mihogo, akasema moyoni kuwa dunia imekwisha, ikiwa mwanamke asiyeijua alifu anamsahihisha yeye methali.

Asubuhi yake darasa likaanza. Aliufunga mlango kwa komeo. Akatandika mkeka, akamketisha Bi Siti mbele yake, akaitwaa ile fimbo nyembamba ambayo kwa miaka arobaini na mmoja aliitumia kuonyeshea herufi na kuligongea kosa. Hakuwa mtu wa kuchapa, na alijisifu sana kwa hilo. Kosa likitokea aligonga sakafu, mara moja, kavu, na darasa zima likaruka.

Akatoa picha ya Faruku. "Huyu nani?"

Bi Siti aliitazama kwa upole. "Baba yangu."

Fimbo ikagonga. "Kosa. Huyu Faruku. Sema, Faruku."

"Faruku."

"Huyu nani?"

"Ni baba. Amevaa vizuri."

Fimbo ikagonga.

Hivyo ndivyo zilivyopita siku tatu. Asubuhi hadi adhuhuri, alasiri hadi magharibi. Siku ya kwanza Bi Siti aliuliza mara nyingi kama amwendee maji. Siku ya pili hakuuliza kitu. Aliacha kula ugali, akawa anaukamua mkononi kama aliyesahau ni wa nini, na mara mbili alijilowesha pale pale mkekani, mwanamke aliyekuwa mfano wa twahara kwa wasichana wa vijiji vitatu. Maalimu alimbadilisha nguo, akauosha mkeka, akaurudisha, akaendelea na somo. Huo ndio ubaya wa mtu mwenye subira bila akili: hachoki.

Ijumaa alasiri, kabla hajaionyesha picha, Bi Siti alisema, "Faruku."

"Ahsante!" Maalimu akaipandisha picha. "Huyu?"

"Faruku."

"Mashallah! Rudia."

"Faruku." Akamtazama mbuzi aliyekuwa dirishani. "Faruku." Akaitazama sufuria. "Faruku, Faruku."

Na mwenye elimu yake akafurahi. Alikwenda kuswali magharibi kifua mbele, akamwambia mwadhini kuwa kichwa hakina maradhi, kina uvivu tu. Juzuu thelathini anazo kifuani, lakini hofu iliyokuwa imeketi mbele yake siku tatu alishindwa kuisoma.

Jumamosi gari la Faruku liliingia uani saa mbili asubuhi, likatimua kuku. Faruku alishuka na viatu vyeusi vinavyong'aa, shati limechomekewa, na mfukoni kijikaratasi cha vidonge. Si mtoto mbaya, Faruku. Ni wale watoto ambao wakishindwa kulitazama jambo hulinunulia mlango.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Keti," alisema Maalimu, akameza tabasamu lake. Fimbo ilikuwa mkononi kwa mazoea tu. "Mwulize."

Faruku alichutama mbele ya mama yake, akamshika mikono. "Mama. Mimi nani?"

Bi Siti hakumtazama mwanawe hata kidogo. Aliitazama fimbo.

"Faruku," alisema.

Faruku akashtuka kwa furaha, machozi yakamlengalenga. "Subhanallah! Mama, kweli? Na huyu hapa, huyu mzee, ni nani?"

"Faruku."

"Huyu ni Baba, Mama. Na wewe? Wewe unaitwa nani?"

Bi Siti alitazama fimbo, akatazama mlango, akatazama fimbo. "Faruku," alisema kwa sauti ndogo, kisha akainua mikono yote miwili akakifunika kichwa, akafumba macho kwa nguvu, akisubiri fimbo igonge sakafu.



"Baba," alisema Faruku polepole, "umemfanyia nini?"

Maalimu alikuwa anautazama uso ule na kuutambua. Aliwahi kuuona mara elfu. Ulikuwa uso wa mtoto wa miaka saba anayejua herufi nyumbani na kuisahau chuoni, na yeye kila mara aliudhani ni uso wa heshima. Nyani haoni kundule. Watu wote wa Mkunya aliwapima kwa ratili akawaona wapungufu, na siku ile, pale mkekani, akajiweka mwenyewe juu ya mizani. Alijiona mwepesi kuliko Suleimani. Suleimani angalau angemnywesha Bi Siti zafarani.

Akaitia fimbo chini ya kitanda.

Faruku alikuwa amekwisha kusimama. "Basi. Sharti ni sharti. Mama, twende, nikupe dawa kwanza." Lakini Bi Siti, alipoona mkono wa mumewe ni mtupu, aliinuka kama aliyefunguliwa pingu. Akauendea mtungi, akauinamisha, maji yakafurika uani hadi kwenye magurudumu ya gari. Akaishika ndoo. Faruku akamwahi mlangoni, akatanua mikono.

"Nipishe, baba," alimwambia mwanawe kwa adabu. "Jua litapanda."

"Huendi kokote, Mama." Akamkamata kifundo cha mkono. Bi Siti akapiga ukelele, akamng'ata.

"Mwachie," alisema Maalimu.

"Baba, unaona mwenyewe—"

"Nimesema mwachie!"

Maalimu akakivua kilemba chake cheupe, kile cha Ijumaa na maulidi, akakizungusha vidoleni mpaka kikawa kata, kama wanawake wanavyozungusha kitambaa cha kubebea. Akaiweka kata kichwani, na juu ya kata akaweka ndoo ya pili, ya plastiki, ya kijani, isiyo na kifuniko.

"Bi Siti," alisema, "jua litapanda kweli. Tangulia."

Alitangulia. Maalimu akafuata, na nyuma yake Faruku, viatu vikizama mchangani, akisema kwa kunong'ona, "Baba, watu wanatutazama. Baba, shusha hiyo ndoo. Unanidhalilisha."

"Rudi garini, utadhalilika ukiwa umekaa."

Walipita mbele ya msikiti. Wazee wanne walikuwa barazani, na Suleimani kati yao, aliyekuwa ameingojea siku kama hiyo maisha yake yote.

"Maalimu! Kumbe umeolewa hatukualikwa?"

Wakacheka. Shingo ya Maalimu ilikuwa inamuuma, na ndoo ilikuwa tupu bado. "Nimeoa miaka arobaini na sita, Suleimani. Leo ndiyo nimeingia ndani ya ndoa. Mtume aliwatumikia watu wa nyumbani kwake, wala haikumpunguza. Wewe umekaa kibarazani toka alfajiri. Sijui imekuongeza nini."

Katikati ya mikorosho Bi Siti alianza kusoma. Hakuwa amesoma kwa miezi. Alisoma sura ndefu, kwa ile sauti ya zamani iliyotoka kifuani, miguu yake ikienda na vituo vya aya, na aya zikatoka moja baada ya nyingine hadi alipokwama. Akarudia neno. Akakwama tena. Mwendo ukapungua, mkono ukaanza kupanda kuelekea kichwani.

Maalimu alifungua mdomo, na neno alilolijua kuliko jina lake likaja kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Imamu anaposahau aya katika swala, aliye nyuma yake hamkemei, wala hamtangazii kuwa amekosa. Humfungulia, yaani humtajia neno linalofuata kwa sauti ya chini, kisha hunyamaza akamwacha aendelee, na swala ya wote hubaki sahihi. Jambo hilo Maalimu alilifundisha kila mwaka. Hakuwahi kufikiri kwamba linafanya kazi hata kwenye njia ya maji.

Akamtajia neno moja tu, chini chini.

Bi Siti akalipokea bila kugeuka, akaendelea. Mkono ukashuka. Alipokwama tena akafunguliwa tena. Nyuma yao Faruku aliacha kunung'unika.

Tangini Bi Siti hakusimama. Aliielekea ile njia ya mteremko, inayoteremka kati ya mawe hadi bondeni, na Faruku akataka kumrukia. Maalimu akamzuia kwa kiwiko. Akalifungua bomba, maji yakalia ndani ya ndoo ya kijani.

"Bi Siti, hebu yaonje haya. Yakoje?"

Aligeuka kwa sauti ya maji. Akakinga kiganja, akanywa, akafikiri. "Baridi. Haya yametoka bondeni."

"Yametoka bondeni," alisema Maalimu, na wala hakusema uongo, kwa kuwa mashine huyasukuma kutoka huko huko chini.

Bi Siti akajaza ndoo yake hadi nusu, akajitwika mwenyewe, akageuza njia kuelekea nyumbani, mgongo umenyooka. Maalimu alirudi na ndoo iliyojaa, ikimmwagikia shingoni na kuilowesha kanzu, na kila alipoyumba mkewe alimwambia, "Usiiangalie ndoo. Angalia njia."

Nyumbani Bi Siti akayamimina maji mtungini. Kisha akakaa mkekani, akavuta ukili wake, akaanza kuusuka kwa utulivu kama mtu aliyelimaliza jambo kubwa la siku. Saa nne ikafika, ikafika saa sita. Mlango ulikuwa wazi, wala hakuutazama.

Faruku alisubiri na saa yake mkononi. Mwisho akasema, "Hili umelijulia wapi, Baba?"

"Kwa mwanamke mmoja asiyeijua hata alifu," alisema Maalimu kwa uchungu. "Na nilimfukuza."

"Lakini ni kila siku. Utaweza? Na siku ukiugua?"

Maalimu akaipapasa shingo yake. Alikuwa na miaka sabini na nne, shingo ilimuwaka moto, na aliona asubuhi zote zilizobaki zimepangwa mstari, kila moja na ndoo yake.

"Jumamosi nitakuja mimi," alisema Faruku, kwa sauti ya chini. "Na kuhusu siku nyingine, nitazungumza na huyo mama yako wa alifu, tumlipe mtu wa kusaidiana nawe."

Bi Siti aliinua macho kutoka kwenye ukili. Alimwona kijana aliyetokwa jasho, suruali imejaa vumbi, amesimama katikati ya nyumba kama asiye na pa kukaa. Akachota maji kwa kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Mgeni, kunywa. Unatoka mbali?"

"Natoka Masasi, Mama."

"Ni mbali. Una mama?"

Faruku alimtazama baba yake. Maalimu alikuwa anatazama ukuta.

"Ninaye."

"Mpelekee salamu zangu. Mwambie asichelewe kuteka, jua ni kali siku hizi."

"Zimefika, Mama," alisema Faruku, akanywa maji yote.

Alipokuwa analiwasha gari, akiwa peke yake, baba yake alimfuata hadi dirishani, kichwa wazi, kilemba kikikauka juu ya kamba ya nguo. Faruku alidhani anataka kumbariki.

"Jumamosi uje na viatu vya watu wanaotembea," alisema Maalimu Khalidi. "Na ndoo uje na yako. Mimi simbebei mtu. Na hivyo vidonge meza wewe, labda utatulia."